Ubuntu na Windows kwenye kompyuta moja

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, inaweza kukaa pamoja na Windows bila kufuta hesabu zako za korosho. Inawezekana, ila usianze leo usiku.

Kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha fungua mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uone kweli yanafunguka. Nilipokuwa Lindi sikunakili. Umeme ukakatika diski ikiwa inagawanywa, betri ilishakufa, na picha za harusi ya dada yangu zikapotea zote. Mpaka leo inaniuma.

Kama BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski) imewashwa, andika daftarini ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Zima Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), halafu punguza patisheni, yaani sehemu ya diski, ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe, uache GB 50 hivi wazi. Ubuntu iweke humo. Ikikuuliza kufuta diski nzima, kataa! Ile patisheni ndogo ya EFI usiifomati, ndiyo inayowasha mifumo yote miwili.

Baadaye saa ya Windows ikirudi nyuma saa tatu, usishtuke. Ubuntu huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Ukiwa Ubuntu, fungua temino (dirisha la kuandikia amri) uandike timedatectl set-local-rtc 1, ili nayo itumie saa ya hapa.