Re: Nyumba ya shamba ya zamani Uingereza, mbona mbao za paa nyeusi, iliungua?

Mkuu haikuungua, hayo ni masizi tu. Chukua mfano wa Bayleaf, nyumba ya shamba ya zamani iliyokuwa Chiddingstone kule Kent. Ukumbi wake ni wa kati ya 1405 na 1430, hauna dari wala dohani, moto unawashwa katikati ya sakafu na moshi unapanda wenyewe hadi kwenye paa unatafuta pa kutokea, sasa piga hesabu miaka yote hiyo mbao zitakuwaje. Fremu ni mwaloni mtupu, umeungwa kwa vigingi vya mbao, kuta ni fito na udongo kama nyumba zetu za bara, na madirisha hayana vioo kabisa, ni vijiti vya mbao na vibao vya kufungia (baridi ya kule, kazi kwelikweli!). Upande mmoja stoo za chakula na vinywaji, upande wa pili vyumba vya wenye nyumba, hivi vilijengwa baadaye, kama 1505-1510 hivi, hapo ndo unaona hela imeingia.

Miaka ya 1960 bwawa la Bough Beech likahitaji eneo, ikafunguliwa boriti kwa boriti, leo iko makumbusho ya Singleton, Sussex.