Maswali ya Wasomaji: Bando likiisha, majaribio yasife

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma kompyuta mwaka wa tatu na natengeneza programu ya wakulima kuagiza mbegu. Inaita seva tatu kwa majina yake: ya bei, ya malipo na ya ujumbe mfupi. Natumia Ubuntu. Chumbani kwangu hakuna Wi-Fi, nategemea bando la simu. Likiisha, majaribio yote yanafeli, hata ya kujumlisha bei tu. Wenzangu wananishauri nifute majina niandike namba za IP ndani ya programu. Je, niwasikilize?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiwasikilize. Mwenye seva akihamisha huduma yake, namba hiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine na programu yako itabaki inabisha hodi kwenye nyumba isiyo yake. Tena cheti cha HTTPS, yaani muunganisho salama, kwa kawaida hutolewa kwa jina, kwa hiyo ukiita kwa namba muunganisho utakataliwa. Na kubwa kuliko hayo, bila bando namba hazikusaidii chochote, kwa sababu seva yenyewe bado iko ng'ambo ya mtandao.

Majaribio ya kujumlisha bei hayapaswi kugusa mtandao kabisa. Yatenge leo hii. Kama unaandika kwa Python, badilisha socket.getaddrinfo wakati wa jaribio kwa fanksheni yako inayorudisha anwani unayoitaka, na unittest.mock, inayokuja na Python yenyewe, inatosha kwa kazi hiyo.

Kwa majaribio ya programu nzima, weka majina ya seva kwenye faili la mipangilio, kisha wakati wa majaribio tumia bei.test, malipo.test na ujumbe.test. Fungua /etc/hosts kwa ruhusa ya msimamizi, uandike mstari kwa kila jina, ukianza na 127.0.0.1, yaani kompyuta yako yenyewe, kisha jina, na kwenye kompyuta hiyo hiyo uendeshe seva ndogo inayoigiza majibu. Faili hilo lina historia. Kabla ya DNS, yaani mfumo wa kugeuza majina kuwa namba za IP, majina yote ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia sasa, lakini faili la hosts halikuondolewa, na kwa mtu asiye na bando ni neema.

Nasisitiza mwisho wa .test. Ulitengwa rasmi mwaka 1999, pamoja na .example, .invalid na .localhost, ili usiuzwe kwa yeyote. Watengenezaji wengi walizoea .dev kwenye mashine zao, bila kujali kwamba ilikuwa imeshachukuliwa na Google. Desemba 2017 likatoka toleo la 63 la Chrome, linalolazimisha HTTPS kwa kila jina la .dev, na kurasa zao za majaribio zikagoma kufunguka. Epuka na .local, kwani hutumiwa na vifaa kama printa kutafutana kwenye mtandao wa ndani.

Faili la hosts lina mipaka. Halikubali kusema "kila jina linaloishia na .test", halijui rekodi za barua pepe, na amri ya nslookup yenyewe hailisomi bali huuliza seva ya majina, kwa hiyo hakikisha kazi yako kwa amri ya getent hosts. Ukihitaji zaidi, sakinisha dnsmasq ya Simon Kelley, seva ndogo ya majina, siku utakayokuwa na bando. Mstari address=/test/127.0.0.1 unajibu majina yote ya .test. Kwenye Ubuntu ongeza listen-address=127.0.0.1 na bind-interfaces, la sivyo itagombania porti 53, mlango wa maswali ya majina, na systemd-resolved, huduma ya majina ya Ubuntu yenyewe, kisha uielekeze kompyuta iulize 127.0.0.1.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kila mtengenezaji alishike. Wengi wakishapata jibu sahihi bila intaneti huona kazi imekwisha, kumbe mkulima wako atakuwa mahali ambapo jibu sahihi halina uhakika. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, tuliona Tanzania nzima intaneti inavyoweza kuzorota. Jaribu basi kushindwa kwa aina tatu: jina halipo (NXDOMAIN), seva ya majina imekiri imeshindwa (SERVFAIL), na kimya.

Kimya ndicho kinachoumiza. Kwa kawaida Linux husubiri sekunde 5 kila inapouliza na huuliza mara 2 kwa kila seva ya majina. Zikiwa seva mbili, unaweza kufika sekunde 20. Mkulima ataona skrini imeganda na atabonyeza "Agiza" tena, na tena. Je, atapelekewa mifuko mitatu ya mbegu? Programu yako lazima iwe na jibu.

Kuzima dnsmasq hakuigizi kimya. Ukiizima, kompyuta huambiwa papo hapo kwamba porti imefungwa. Kukata intaneti nako huleta kosa la haraka. Andika programu fupi ya Python inayopokea maswali ya majina kwa njia ya UDP kwenye porti 53 ya 127.0.0.1 na isijibu kitu. Iendeshe badala ya dnsmasq, kisha tazama skrini yako kwa macho ya mteja.

SWALI: Habari ya kazi dada. Nimebadilisha anwani kwenye faili la hosts, lakini programu yangu ya Java bado inakwenda kwenye anwani ya zamani. Natumia Windows.
— Msomaji, Eldoret

JIBU: Njema. Java ina kumbukumbu yake ya majina iliyokwisha kuyatafuta: kwa kawaida jibu zuri hukaa sekunde 30, na jibu la kushindwa sekunde 10. Wakati wa majaribio weka networkaddress.cache.ttl na networkaddress.cache.negative.ttl kuwa 0 kwa Security.setProperty, kabla programu haijatafuta jina la kwanza. Usipeleke mpangilio huo kwa wateja, maana kila ombi litauliza upya. Upande wa Windows, endesha ipconfig /flushdns, na ukitumia kivinjari kifunge ukifungue tena.