Paulo naye alikata rufaa

Nilipomuuzia ndugu wa kanisani magunia 40 ya viazi kwa mkopo, hatukuandikiana chochote. Mtu tunayeimba naye kwaya hapa Nakuru, nimwambie aweke sahihi? Viazi vilitoka Molo, gunia shilingi 3,200, jumla 128,000. Akatuma 20,000 kwa M-Pesa, halafu simu ikawa inaita tu.

Nilianza na wazee wa kanisa, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Akaitwa, akakiri, hata akalia. Tukaombewa. Mwezi ukaisha bila shilingi, akaitwa tena, tukaombewa tena. Nilipotaja korti, mzee mmoja akanisomea Paulo akiwakemea Wakorintho kwa kushtakiana. "Mama, mwachie Mungu." Nikanyamaza wiki nzima. Kisha nikakumbuka kwamba Paulo huyohuyo alipobanwa alikata rufaa kwa Kaisari.

Polisi waliniambia deni si jinai. Siku nzima ikaisha kwenye benchi la kituo. Ukidai mtu pesa za biashara, nenda moja kwa moja Mahakama ya Madai Madogo. Nakuru ipo, Kisumu ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na kwa Kiswahili. Sheria yake ya 2016 inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Yangu ilichelewa kidogo kwa sababu mdaiwa alikuwa anamkwepa mpeleka hati.

Kabla ya kushtaki, mwandikie barua ya kumdai, umpe siku kadhaa, ubaki na nakala. Toa taarifa ya M-Pesa. Na tafadhali usifute jumbe kwa hasira! Mimi nilikuwa nimekaribia kufuta zote, na kilichombana ni mstari mmoja wa WhatsApp: "hiyo 108 nitamaliza mwisho wa mwezi." Mwenye lori alikuwa tayari kuja kutoa ushahidi, hakuhitajika.

Jirani yangu Mwislamu wa Bondeni alinishangaa kwa nini siendi kwa Kadhi. Yeye alimalizia huko mambo ya urithi wa babake. Lakini Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Viazi havimo.

Maombi sikuyaacha. Kuna kijana alijitolea kumtembelea yule ndugu usiku "amkumbushe" kwa elfu tano tu, na siku hiyo nilikuwa na elfu tano. Nilipiga magoti jikoni mpaka ugali ukaungua. Ila ninayemwona akiomba mwaka wa nne bila kufungua faili, humwambia ahesabu: deni la mkataba lina miaka 6 ya kushtaki, na aliyeumia kwenye ajali ya matatu ana 3. Ukipita hapo, hata ukiwa na haki yako, kesi hufa mlangoni.

Hukumu nayo si pesa. Nilishinda, nikatoka na karatasi. Nilipomtajia dalali wa kunadi mali yake, ndipo akaomba alipe kwa awamu, tukaandikisha mahakamani, 12,000 kila mwezi. Miezi 9.

Bado tunaimba sauti moja kwenye kwaya. Juzi akaniuliza kama viazi vimeshuka bei. Nikamwambia vimeshuka, na namba yangu ya M-Pesa ni ileile.