Jibu: Mwanangu wa miaka 12, sukari ya asubuhi haishuki

Salaam dada. Wasema kijana ana kisukari cha aina ya kwanza, dozi ni ileile, chakula kilekile, ila kila akiamka sukari iko juu. Usimgombeze kwamba anadokoa mahamri usiku. Wangu alipoanza kubaleghe ilikuwa vivyo hivyo: homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi usingizini, na insulini hupungua nguvu kuelekea alfajiri.

Lakini anza na chupa yenyewe ya insulini. Joto letu la Mombasa huiharibu, hasa umeme ukikatika. Mimi iliyofunguliwa naiweka ndani ya chungu cha udongo kilicholowa, na siku 28 zikipita naitupa hata kama imebaki. Papasa pia pale anapodungwa; pakiwa na uvimbe, hamieni pengine.

Kisha mpime saa tisa usiku, siku kadhaa. Sukari ikiwa chini, usiongeze dozi ya insulini! Ikipanda kuanzia hapo, peleka daftari kliniki. Wakibaleghe, wengi huhitaji zaidi ya uniti 1 ya insulini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila kiasi apange daktari. Ya mwanangu sikutajii. Akitapika au akihema kwa nguvu, hospitali saa hiyo hiyo.