Barua kwa mwanangu: karatasi au kwa ghibu?

Mwanangu mpendwa,

Huku Kongwa hatujambo, ila mvua imechelewa. Shairi lako la yule ndama wa theluji nimelisoma mara nne, na mama yako nimemtafsiria. Unauliza, ukipanda jukwaani mbele ya hao wachunga ng'ombe wa Idaho, usome kwenye karatasi au ughani kwa ghibu. Kwa ghibu, hilo lisikupotezee muda. Wenzao wa zamani, waliosukuma makundi kutoka Texas hadi Abilene, Kansas, kuanzia 1867, usiku waliyazunguka juu ya farasi wakiimba ili ng'ombe watulie, wasikurupuke. Karatasi wangeishika kwa mkono upi, na kwa taa ya nani?

Mimi wasiwasi wangu ni kina, ile sauti ya mwisho wa mshororo. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: kina ni punda wa mzigo, akianza yeye kukuchagulia njia, shuka.

Najua umeshajua ninakoelekea. Ndiyo, ile siku ya mashindano ya mashairi kwenye maonyesho, 2009, tulipokuwa huko Marekani, mimi na kofia ya kuazima inayoniangukia masikioni. Wewe unakumbuka kicheko tu. Mimi nakumbuka mshororo. Nilikuwa nimetunga beti tisa za Kiingereza, za ng'ombe mzee anayeamka alfajiri. Wenzetu hawahesabu mizani nane kwa nane kama sisi. Wanasikiliza mapigo ya sauti, mara nyingi manne kila mshororo, kama kwato. Wiki tatu niliyahesabu mapigo hayo nikiwa kazini, mashine ya kukamulia ikinipigia ngoma. Ubeti wa sita ukagoma. Neno pekee lililokubali kuingia kwenye kina lilitaka ng'ombe ainuke kwa miguu ya mbele. Nikamwinua hivyo hivyo.

Mimi! Niliyekuwa nikiamsha ng'ombe wa babu yako kabla sijajua kusoma! Ng'ombe huinua matako kwanza, huku mbele akibaki amepiga magoti kama anayesujudu, ndipo anyanyuke mzima. Anayeanza na mbele ni farasi. Na ukumbi ule wote ulikuwa wafugaji. Mzee mmoja mstari wa mbele akasema, wala hakupaza sauti, "Huyo ni farasi." Kicheko kikaanzia kwake, kikasambaa hadi nyuma, na kule nyuma, mwanangu, ulikuwepo wewe na soda yako, miaka tisa, unacheka kuliko wote.

Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Nilinuna hadi Jumapili, mama yako shahidi. Na wala yule mzee hakuwa na ubaya, maana baadaye alinifuata nje, akaniuliza ati nundu ya ng'ombe wa kwetu ina nini ndani. Tulizungumza nundu nusu saa nzima, mpaka mama yako akaja kupiga honi.

Siku nyingine najiambia yaliyoniponza ni mashindano yenyewe, nilitaka zawadi. Pale Elko, Nevada, washairi wachunga ng'ombe wanakokusanyika majira ya baridi tangu 1985, hawashindanishi mtu; unaghani, unapigiwa makofi, unashuka. Lakini nisidanganye, bila mashindano nisingetunga hata ubeti mmoja. Kwa hiyo nenda kashindane. Ila kina ni punda, usisahau.

Sasa ubeti wako wa nne. Umeandika kwamba kamba uliyomvutia ndama ilikuwa nyekundu, na mshororo unaofuata ndama amelala kama aliyekufa. Kwa Kiingereza vina vinakubaliana vizuri mno. Mama yako amenikataza kutoa hukumu, anasema shairi ni lako na jukwaa ni lako, na nimemwahidi. Kwa hiyo sisemi kitu. Nataka ujue tu kwamba ile picha uliyotutumia Februari, wewe na ndama na kamba, ninayo hapa mezani, na nimevaa miwani.

Baba yako