Barua kwa mwanangu: kabla hujaandikisha timu kwenye ligi ya kikapu ya chuo

Mwanangu mpendwa,

Umenieleza kwamba wenzako wa bweni wamekuchagua uwe kapteni wa timu yenu kwenye ligi ya kikapu ya chuo, ile ya burudani, siyo ya timu teule. Unauliza mtashindanaje ikiwa nusu yenu hawajagusa mpira tangu sekondari na hakuna mwenye nafasi ya mazoezi ya kila jioni.

Mtaweza. Kwenye ligi za namna hii, timu nyingi haziangushwi na uhaba wa vipaji bali na uhaba wa watu uwanjani. Wiki ya kwanza wanakuja wote. Ikifika wiki ya nne mmoja ana maabara, mwingine ana mtihani kesho yake, wa tatu anaumwa, na mwamuzi anapuliza filimbi mkiwa wanne. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinasema timu isiyofikisha wachezaji watano ndani ya dakika 15 baada ya muda uliopangwa inapoteza mechi kwa 20–0. Vyuo vingi vina kanuni yao: wengine wanaruhusu kuanza na wanne, wengine wanasubiri muda mfupi zaidi. Soma ya kwenu kabla ya kuandikisha jina la mtu yeyote.

Sasa idadi. Mechi nyingi za ligi hizi ni vipindi viwili vya dakika 20. Watu watano kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawana. Mkiwa wanane na wote wamekuja, kila mmoja anacheza dakika 25. Mkiwa kumi, dakika 20. Mkiandikisha kumi na wawili, wanabaki na kama 17 kila mmoja, na hapo ndipo manung'uniko huanza. Anayekaa sana benchi ndiye wa kwanza kuacha kuja. Saba ni raha mpaka wiki ya mitihani. Mimi ningeandikisha tisa, na kila mmoja ningemwomba ratiba yake ya masomo kabla sijampokea. Rafiki mzuri sana mwenye somo la jioni siku ya mechi si mchezaji wako, hata awe mrefu kiasi gani.

Ukaguzi wa sifa usiupuuze. Kwa kawaida mchezaji haruhusiwi kuwa kwenye timu mbili, na wa timu teule ya chuo huzuiwa au huwekewa idadi. Ukimchezesha asiyeruhusiwa mnanyang'anywa ushindi mlioutolea jasho. Kama ligi ina madaraja, ingieni la chini.

Kuhusu kubadilisha wachezaji, usifanye kwa macho mechi ikiendelea. Utajisahau, na mwenye aibu ya kuomba kuingia atasahaulika kabisa. Kigawe kila kipindi vipande vinne vya dakika tano. Hivyo mechi nzima ina vipande vinane, na kila kipande kina nafasi tano: jumla nafasi 40. Wachezaji wanane wanapata nafasi tano kila mmoja. Mkiwa tisa, kila mmoja anapata nne na zinabaki nne za kuwapa mnaowahitaji mwishoni. Chora jedwali kwenye karatasi, mpe aliye benchi alishike. Sharti ni moja: kila kipande kiwe na watu wawili wanaoweza kuvusha mpira katikati ya uwanja bila kunyang'anywa. Ukiwaweka wote wawili benchi kwa wakati mmoja, dakika tano hizo zinaweza kuwapotezea mechi.

Jambo jingine ni saa. Mara nyingi kwenye ligi hizi saa haisimami mpira ukitoka, isipokuwa dakika ya mwisho au mbili za mwisho za kipindi cha pili. Maana yake mechi ni fupi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mkiwa nyuma kwa pointi kumi zikiwa zimebaki dakika nne, msijipange polepole. Na mkiwa mbele, hakuna sababu ya kurusha mpira sekunde ya tano. Uliza kama kuna saa ya kurusha, ile inayoipa timu sekunde 24 tu za kurusha mpira kikapuni, kwa sababu kumbi nyingi za ligi hizi hazina.

Kwa timu isiyo na mazoezi, ulinzi wa kanda, yaani kila mmoja analinda eneo lake badala ya mtu, wawili juu na watatu chini karibu na kikapu, ndio unaofaa. Mtu kwa mtu unadai pumzi na maelewano ambayo bado hamna. Lakini kanda nayo ina kanuni zake, na timu nyingi huicheza kwa kusimama tu na kunyoosha mikono. Chukueni saa moja kabla ya mechi ya kwanza, mtembee polepole bila hata kurusha, mkifanya hivi.

Mpira ukiwa pembeni, juu ya kona, mara nyingi watu wako wawili wataufuata pamoja: wa juu na wa chini wa upande huo. Kila mmoja anaona ni wake. Nyuma yao kunabaki pengo, na pasi moja tu inatosha. Suluhisho ni kukubaliana kwamba kama pasi imemshinda mbio yule wa juu, wa chini anatoka kuuzuia, anakaa nao hadi wa juu afike, halafu anarudi chini. Anayefika aseme kwa sauti, "Nimefika!" Bila sauti hiyo mwenzake haondoki.

Mpira ukiingia kona, wa chini wa upande huo anatoka, wa katikati anasogea upande wa mpira karibu na kikapu, na wa chini wa upande wa pili anaingia mbele ya kikapu. Huyu wa mwisho ndiye anayelala. Hana mpira karibu, hivyo anasimama kutazama. Mwambie kazi yake ndiyo kubwa, kwa sababu mtupo wa kona ukikosa, mara nyingi mpira huangukia upande wake.

Mpira ukishikwa katikati, kwenye mstari wa mtupo huru, wa katikati wa chini anapanda kumkabili mwenye mpira na wawili wa pembeni wanabana ndani. Hapo ndipo kanda inapovunjika kwa urahisi zaidi, basi wawili wa juu wasiachane sana kiasi cha kuruhusu pasi hiyo. Nanyi mkikutana na kanda, mtu wenu wa kumweka mahali hapo awe mpasi mzuri, siyo lazima mrefu.

Kisha ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Kwenye kanda hakuna aliyepangiwa mtu, kwa hiyo mpira ukirushwa wote wanatazama juu. Kila mmoja atafute mwili wa kumkinga kwanza, amgeuzie mgongo, apanue miguu, ndipo atazame mpira. Timu fupi inayokinga vizuri huchukua mipira mingi kuliko timu ndefu inayoruka tu.

Mkibanwa uwanja mzima, mtu mmoja asimame katikati, siyo pembeni. Msidunde mpira kuelekea kona iliyo mara tu baada ya mstari wa kati: mistari miwili hapo inawasaidia wapinzani, na hamruhusiwi kurudi nyuma.

Madhambi matano yanamtoa mchezaji. Mwenye matatu kabla ya mapumziko mpumzishe, hata kama jedwali linasema aingie. Waamuzi huwa ni wanafunzi wenzenu. Wewe peke yako ndiye uzungumze nao, na kwa upole. Ligi nyingine hutoa alama za nidhamu, na timu yenye alama ndogo haiingii hatua ya mtoano.

Sasa la mama. Viatu vya kukimbilia vina soli nene laini na kisigino kilichoinuka, navyo havikushikilii unapokata kona. Vaa vya kikapu, na ufute vumbi la soli kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu kuteleza hutokana na vumbi kuliko na kiatu. Vua pete na mikufu. Wiki tatu kabla, simama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara tatu kila mguu, kila siku. Ukizoea, fumba macho.

Kifundo cha mguu mara nyingi huteguka mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake chini ya kikapu. Kwa hiyo ukimzuia mrushaji, mwachie nafasi ya kutua. Kuuweka mguu wako chini yake ni madhambi na ni hatari. Akiteguka mtu, asirudi uwanjani siku hiyo. Kama hawezi kupiga hatua nne, au anaumia ukibonyeza mfupa wa kifundo, aende akapigwe eksirei. Na kidole kilichogongwa na mpira kisivutwe na mtu, hata kama anasema anajua kukirudisha.

Kabla hujakabidhi orodha, nitumie majina tisa pamoja na ratiba zao. Tutapanga jedwali la mechi ya kwanza pamoja kwa simu.

Mama yako