Mwalimu, nimhamishe mwanangu Upanga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Kimara, mume wangu ni seremala, mimi nauza mboga. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali ya mtaani. Asubuhi mabasi ya njano yanachukua watoto wa majirani wenye mageti, wangu anakwenda kwa miguu. Juzi mmoja wao alimwambia, "Wewe wa Kayumba," akarudi analia. Dada yangu anaishi Upanga. Nimhamishie huko, au mtoto hufungwa na mtaa wake? – Mama Salma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno Kayumba, la kuzibeza shule za serikali, nalichukia. Mpe pole mtoto.

Hafungwi. Mimi nikiandikisha darasa la kwanza nilianza na watoto wanaoishi jirani na shule, lakini uhamisho upo. Anza kwa mwalimu mkuu wenu, ukijua kwamba lazima kule kuwe na nafasi.

Umegusa jambo linaloniuma. Mkoloni aliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Oysterbay Wazungu, Upanga Wahindi, Kariakoo na Ilala Waafrika, na shule zikagawanywa vivyo hivyo hadi Januari 1962. Nilipoanza kazi mwaka 1983, mtoto wa daktari na wa mfagiaji wa hospitali ileile walikaa dawati moja darasani kwangu. Baadaye sera ya elimu ya 1995 ikafungua mlango kwa shule binafsi za Kiingereza, na mwenye uwezo akatoka. Tazama Kimara yenu: geti limepakana na banda la mabati, mtaa umechanganyika vizuri kabisa. Shule ndiyo haijachanganyika. Anayeweza kulipa anauvuka mpaka wa mtaa kila asubuhi, asiyeweza anabaki ndani yake, na akimaliza shule ya msingi anapangiwa sekondari ya kata palepale.

Waliotoka waliondoka na sauti zao pia. Zamani paa likivuja, mzazi mmoja karani wa benki alikwenda mwenyewe halmashauri, na fundi akaja. Michango ilipofutwa mwaka 2016, watoto waliongezeka, dawati la watatu wakakaa watano. Niliwafurahia, kila mmoja. Ila kwenye vikao vya wazazi walibaki kina mama wenye haraka ya kuwahi sokoni, na mimi peke yangu wa kupiga kelele.

Kuhusu Upanga: kama atalala kwa mama yake mkubwa au mdogo, fikirieni. Kama ni kwenda na kurudi, hapana. Nimewaona watoto wa miaka tisa wakibanwa kwenye mwendokasi alfajiri, wanafika darasani wanasinzia.

Kamati ya shule ina nafasi za wazazi. Gombea. Na huyo mtoto wa jirani wa geti, mama yake mfuate kwa upole, mweleze mwanawe alichosema. Hawa watoto jioni si wanacheza wote? Kikao kijacho uliza darasa la tatu lina madawati mangapi, kisha uniandikie walivyokujibu.